Bi Tafadhali na Jukwaa la Tano

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi na moja jioni, Bi Tafadhali atasema tangazo lake la mwisho, atazima kipaza sauti na kukabidhi funguo za chumba cha matangazo. Atakuwa ametumikia reli miaka thelathini na mmoja, karibu yote akiwa mtangazaji wa stesheni yetu. Mimi nina miaka kumi na sita. Yaani alikuwa akiwaelekeza watu kwenye majukwaa yao muda mrefu kabla sijajua hata kutambaa, na bado ni mimi niliyeambiwa niandike wasifu wake. Sielewi vizuri imekuwaje.

Ninachojua ni hiki. Mkuu wa stesheni aliandika wa kwanza, ukasomeka kama taarifa ya ajali. Mkata tiketi akaandika wa pili, akajitaja yeye mwenyewe kuliko alivyomtaja mstaafu. Bi Tafadhali akauliza, "Yule binti wa dirisha la maulizo, yule asiyesema, naye hajui kuandika?" Mkuu akamjibu kwamba najua, tena kwa lugha mbili. "Basi aandike kwa hii moja," akasema, "na asinirembe kama keki." Mimi ni mfanyakazi wa likizo tu. Shule zikifungwa nakaa dirishani na kuwajibu abiria kwa sauti ambayo wengi wao huniomba niirudie. Kuandika naona afadhali. Karatasi haimkodolei mtu macho.

Bi Tafadhali hakuanza kazi kwa kusema. Alianzia chumba cha vifurushi, akibandika lebo kwenye magunia na masanduku, na hadi leo anasema kazi ile ilimfundisha kwamba kila kitu kina mahali kinakokwenda, hata kama chenyewe hakijui. Asubuhi moja mtangazaji wa wakati huo akaamka sauti imekauka kwa mafua. Treni ilikuwa inaingia. Mkuu wa enzi hizo akamshika mkono binti wa vifurushi, akamkalisha mbele ya kipaza sauti, akamwambia, "Sema."

Akasema, "Tafadhali." Yaliyobaki yakamtoka kichwani. Akasema tena, "Tafadhali." Mzee wa Mizigo, mchukuzi wetu aliyekuwapo siku ile, anaapa kwamba neno hilo lilirudiwa mara nne kabla ya kupatikana la pili. Abiria walidhani kuna hatari. Wakatua mizigo yao, wakanyamaza wote, wakasikiliza. Hapa stesheni watu hawakuwahi kunyamaza namna ile, na mkuu akaona hapo hapo kwamba mtangazaji amepatikana. Jina likamganda siku hiyo hiyo. Wapo majirani zake ambao hawamjui kwa lingine.

Ni yeye aliyeanzisha utaratibu wa kusema kila tangazo mara mbili, la pili polepole, kwa ajili ya wazee na wenye watoto mgongoni. Nyaya za spika zilipokatwa na wachimba mitaro, alizunguka jukwaa kwa jukwaa na kipaza sauti cha mkononi, akipanda na kushuka ngazi za daraja la abiria mpaka soli za viatu zikaachia. Aliwahi kumtangaza mtoto aliyepotea kwa maneno haya: "Amevaa kiatu kimoja, na anasema mama yake ni mrembo kuliko wote." Wakajitokeza kina mama watano. Mzee wa Mizigo husema hata yeye angekwenda, ila ndevu zilimkataza.

Sasa niingie kwenye jambo la mwezi huu. Kila mtu hapa kazini analisimulia kwa namna yake. Mimi nililiona kwa macho yangu mwenyewe, na sina hakika kama nimelielewa.

Ratiba ya treni humfikia Bi Tafadhali kwenye kompyuta, kupitia kivinjari cha intaneti. Stesheni ina majukwaa manne, na kila jukwaa lina njia yake ya reli, na kila njia ina tovuti yake. Kwa hiyo alikuwa na kurasa nne zilizofunguliwa muda wote, na vichupo vyake, yaani zile alama unazobofya ili kuhama kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, vilikaa juu ya skrini vikiwa vimepangana kutoka kushoto. Cha kwanza jukwaa la kwanza, cha pili la pili, hivyo hivyo hadi cha nne. Hakuhitaji kusoma jina la ukurasa. Mkono ulijua, na namba ya jukwaa aliitaja kwa nafasi ya kichupo. Na maandishi alikuwa ameyakuza hasa, kiasi kwamba ukipita nje ya kioo ungesoma saa ya treni ya milimani hata kama huna safari. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini ameyakuza hivyo. Kila mtu na kiti chake anavyokiinua.

Jumatatu moja akafika kazini akakuta kivinjari kimejisasisha chenyewe. Vichupo vilikuwa vimehama kutoka juu, vimeshuka ubavuni mwa skrini, vimepangana kwenda chini. Maandishi yalikuwa yamerudi kwenye udogo wake wa mwanzo, membamba, yamebanana. Na pale juu kabisa ubavuni, mahali pa kwanza, palikuwa na ukurasa mgeni uliojifungua wenyewe ili kumkaribisha mtumiaji kwenye toleo jipya. Kwa hiyo ukurasa wa jukwaa la kwanza ukawa wa pili kwenye foleni, wa pili ukawa wa tatu, wa nne ukawa wa tano. Haya nayajua sasa. Asubuhi ile hakuna aliyejua lolote.

Bi Tafadhali alibofya pa kwanza kama kawaida yake, na kama kawaida yake akasoma kilichokuwa mbele yake.

"Tafadhali sikilizeni. Karibuni kwenye mwonekano mpya, wenye kasi zaidi na..."

Spika zikakwaruza. "Samahanini."

Kwenye jukwaa la kwanza mama mmoja alipiga makofi. Alidhani inazinduliwa rangi mpya ya stesheni.

Kisha ikatangazwa treni ya bandarini. Ilikuwa imesimama jukwaa la pili, injini inanguruma, kila mtu anaiona. Bi Tafadhali akasema la tatu. Watu waliokuwa wameshakalia viti vyao wakashuka, wakapanda daraja na masanduku yao, wakateremkia la tatu, wakasimama kuisubiri treni waliyotoka kuiacha. Hadi leo hilo silielewi. Treni walikuwa wameishika kwa mkono.

Halafu spika zikasema, "Treni ya milimani itaondoka jukwaa la tano." Na mara ya pili, polepole: "Jukwaa la tano."

Dirisha langu likajaa.

"Binti, la tano liko wapi?"

Nikasema hakuna. Wakaniomba nirudie.

"Yapo manne," nikasema.

"Mbona limetangazwa?"

"Labda kuna makosa."

"Makosa? Huyu ni Bi Tafadhali!" akasema bwana mmoja mwenye begi la ngozi, akanitazama kama niliyemtukania mama yake. "Wewe umeanza kazi lini?"

Wakaenda kulitafuta. Nyuma ya ghala la mizigo kuna reli ya zamani iliyoota majani, na huko wakajipanga, mstari ulionyooka, mizigo miguuni. Mkuu alipowafuata mbio akamkuta babu mmoja akiwaonya wenzake wasivuke mstari wa njano. Mstari wa njano haukuwapo. Treni ya milimani ilisubirishwa mpaka wote wakarejeshwa, na wawili kati yao walirudi wakilalamika kwamba kule kulikuwa na kivuli kizuri zaidi.

Tulicheka baadaye. Siku yenyewe hakuna aliyecheka, kwa sababu Mkuu alipanda hadi chumba cha matangazo, nami nilikuwa nimetumwa huko na orodha ya mizigo iliyoachwa, nikakwama mlangoni nisijue niingie au nitoke.

"Bi," akasema Mkuu kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, "ni mashine, au ni macho?"

Bi Tafadhali aliisogelea skrini. "Jana nilikuwa nasoma," akasema. "Leo herufi zimekonda. Sijui ni zenyewe au ni mimi."

Ilikuwapo tayari mashine ya matangazo yenye sauti iliyorekodiwa, bado katika boksi lake, imeletwa ianze kazi yeye akishaondoka. Mkuu akasema kwamba kama mambo hayatakaa sawa kufikia Ijumaa ya wiki ile, ataiwasha mapema, na Bi Tafadhali amalizie siku zake kwenye chumba cha vifurushi. "Ulikoanzia," akaongeza, akidhani anambembeleza.

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kimepangwa. Binti yake Bi Tafadhali anaishi upande wa mpakani, na ana watoto wawili. Hawajawahi kumsikia bibi yao akiwa kazini hata mara moja. Kila wakija huja siku zake za mapumziko ili awe na nafasi nao. Safari hii wanakuja kwa treni ya jioni ya siku ya mwisho, makusudi. Tangazo lake la mwisho ni la kuingia kwa treni yao.

"Watu wa watu nimewapokea miaka yote hii," akamwambia Mkuu. "Wangu wapokewe na boksi?"

Mkuu akatazama dari. "Ijumaa," akasema, akashuka.

Akaitwa fundi wa kompyuta. Naye jina lake la kazini ni Zima-Washa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa.

"Mama, umezima ukawasha?"

"Mimi sizimi vitu vya watu."

Akazima, akawasha. Herufi zikabaki vilevile. Na ule ukurasa wa makaribisho, ambao Bi Tafadhali alikuwa ameshaufunga, ukarudi pale pale juu. Zima-Washa akaufunga, akazima, akawasha. Ukarudi. "Unatupenda," akasema, akazima tena.

Kukuza maandishi nako kukawa na visa vyake. Zima-Washa aliukuza ukurasa wa jukwaa la kwanza, tukafurahi. Tukafungua wa pili, mdogo. Akaukuza. Wa tatu, mdogo. Kila tovuti ilikuwa na kumbukumbu yake peke yake, hazisemezani. Alipomaliza wa nne akaona afadhali azime na kuwasha, ili mambo yakae vizuri, na mgeni wetu akarudi tena juu na kuzisukuma kurasa zote nafasi moja chini.

Ndipo mtu akasema, "Mwiteni yule binti, vijana wanayajua haya."

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenitazama: sikuyajua. Kompyuta za shule yetu zinasema ile lugha yetu nyingine, na mimi kule nabofya kwa mazoea, bila kusoma. Hii ya stesheni inasema Kiswahili, lugha ya mama yangu, lugha niliyoachishwa kunyonya kwayo, na nilipofungua mipangilio yake nikaliona kila neno, nikalielewa kila neno, na sikujua hata moja la kubonyeza. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ujuzi. "Mwacheni," Zima-Washa akanong'ona, "anafikiri." Nikabonyeza palipoandikwa mwonekano. Skrini nzima ikawa herufi J.

"Sasa naona," akasema Bi Tafadhali. "Ila sioni kingine."

Wakati huo wote hatukujua tunatibu nini. Jumatano akaenda kwa daktari wa macho, akapimwa, akaahidiwa miwani kesho yake. Kesho yake hiyo hiyo, yeye akiwa anaifuata miwani, Zima-Washa akapagundua mahali pa kuweka ukubwa mmoja wa kurasa zote, akauinua kwa furaha ya mtu aliyepata maji. Bi Tafadhali akarudi, akakaa, akavaa miwani yake mipya, akainua macho, akarudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani.

"Mbona mmenijengea bango?"

Wakapunguza. Akavua miwani, herufi zikawa ndogo. Wakaongeza, akavaa, zikawa kubwa. Mchezo huo ulichukua muda wote wa chai. Hadi ninavyoandika hatuna uhakika kama yalikuwa macho, au ilikuwa kompyuta, au vyote viwili vilivyoamua kuchoka wiki moja. Yeye anasema asubuhi ni miwani na jioni ni mashine, na amekataa kuulizwa zaidi.

Vichupo vilirudi juu kwa namna ambayo hakuna awezaye kuieleza. Inzi alitua pembeni mwa skrini, Bi Tafadhali akainua mkono wake mmoja kumfukuza, na ule mwingine, uliokuwa juu ya kipanya, ukabonyeza kitufe cha upande wa pili. Ikashuka orodha. Akaisogelea, akasoma, na kwa kidole kile kile cha miaka thelathini na mmoja akabofya palipoandikwa kwamba vichupo vionyeshwe juu. Vikaruka vyote, vikakaa kwenye mstari wao, kushoto kwenda kulia.

"Asiguse mtu," akasema. "Hata kukohoa, katokeni nje."

Akafunga ukurasa wa makaribisho. Zikabaki nne, jukwaa la kwanza hadi la nne.

Lililobaki ni moja tu, nalo halijapona mpaka leo: kompyuta ikizimwa, yule mgeni anarudi. Kwa hiyo haizimwi. Kwenye kitufe chake pamebandikwa karatasi, USIZIME, kwa mwandiko wa Zima-Washa mwenyewe, na mikono inamuwasha kila akipita hapo, tunamwona. Ijumaa ile Mkuu alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Bi Tafadhali, akasikiliza matangazo ya asubuhi, bandarini, milimani, mpakani, mjini, kila treni kwenye jukwaa lake. Kisha akaondoka. Mchana nikaliona lile boksi la mashine limerudishwa stoo, na juu yake pamewekwa ndoo ya rangi.

Tangu hapo Bi Tafadhali ananiita chumba cha matangazo kama hakuna foleni dirishani. Hazungumzi sana nje ya kipaza sauti. Jambo hilo lilinishangaza. Siku moja nilijikaza nikamuuliza ilikuwaje ile asubuhi ya kwanza, alipokwama, kama hakutamani ardhi impasukie. Aliniomba nirudie swali. Kisha akasema, "Neno nilikuwa nalo moja, mwanangu. Nikasema hilo." Akageukia skrini, akavaa miwani, akavua. Nimelifikiria jibu lile siku nyingi na sijui kama lilikuwa ushauri. Ila Jumanne abiria mmoja aliniuliza jukwaa la treni ya mpakani, nikamjibu, na akaenda zake. Hakuniomba nirudie.

Programu hii ya sherehe ya kumuaga imechapwa Alhamisi. Wewe unaisoma Ijumaa, ukiwa umekaa kwenye kiti cha kukodi pale jukwaa la kwanza, na treni ya mpakani bado iko njiani ikiwa na bintiye na wajukuu wake ndani. Mimi niliye Alhamisi sijui kama umeme utakuwa umekatika, kama kitufe kitakuwa kimeguswa, kama yule mgeni amerudi kukaa mahali pa kwanza. Nilimweleza wasiwasi huu mtu wa ishara, yule anayeziamulia treni zetu reli ya kuingilia. Akacheka.

"Usihangaike," akasema. "Akisema la kwanza, naiingiza la kwanza. Akisema la tatu, inakwenda la tatu. Kwa jioni moja, treni ndiyo imsikilize yeye."

"Na akisema la tano?"

Akakuna kidevu. "La tano mnipe dakika chache."

Mkuu alikuwa amesimama karibu nasi. Alijifanya anasoma saa ya ukutani.

Bi Tafadhali, wafanyakazi wenzako wa dirisha la tiketi, wa mizigo, wa ishara, wa usafi, na huyu wa maulizo, tunakushukuru. Umewafikisha watu wengi mno makwao bila wewe kuondoka kitini. Nenda ukakae na wako. Tunakutakia siku ndefu na zenye afya, herufi kubwa au miwani, vyovyote itakavyokuwa, na kompyuta ambayo mtu wa nyumbani kwako atakuzimia.

Nanyi wageni, saa kumi na moja imekaribia. Mkifika kwenye mstari huu kunjeni karatasi, tueni mizigo, mnyamaze kama watu wa asubuhi ile walivyonyamaza. Atasema tafadhali. Kisha atataja jukwaa, na lolote atakalotaja, twendeni hilo.